Risasi isiyopakwa mafuta

Aprili 1858, mitumbwi miwili kutoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika ikafika Ubwari, ule mkono mrefu wa nchi unaoikinga Baraka na mawimbi. Ndani walikuwamo Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile, na aliyewaongoza ni Kannena, jumbe wa Ujiji, aliyekubali kuwapeleka Uvira kwa malipo ya vitambaa na shanga. Burton aliiona Ubwari akaandika kuwa ni kisiwa. Mwaka 1876 msafiri Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua yake, Lady Alice, ndipo Ulaya ikapata habari ambayo wenyeji, Wazoba na Wabembe, walizaliwa nayo: Ubwari ni rasi, na nyuma yake kuna ghuba. Ghuba hiyo ikapewa jina la Burton, mtu aliyepita mbele yake asiione.

Walinzi wa msafara ule, tangu walipoondoka pwani, walikuwa Wabaluchi waliotolewa na Seyyid Majid wa Unguja. Silaha yao ilikuwa bunduki ya mrao. Askari alitembea na utambi unaofuka moshi, na kila alipotaka kupiga aliushusha utambi huo kwenye kitundu cha baruti. Hata kwa wakati ule ilikuwa silaha ya mababu.

Mwezi huohuo, nchini India, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Waingereza walikuwa bado wanapigana na askari wao wenyewe. Maasi yalikuwa yamelipuka Meerut tarehe 10 Mei 1857, na katika sababu zake nyingi, za ardhi, kodi na dharau, iliyowasha moto ilikuwa mafuta. Jeshi lilikuwa limeleta bunduki mpya ya Enfield ya mfano wa 1853. Risasi yake ilifungwa pamoja na baruti ndani ya karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alifundishwa kuirarua kwa meno. Ukavuma uvumi kwamba mafuta hayo ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Mhindu hawezi kutia kinywani ya kwanza, Mwislamu hawezi kutia ya pili. Wakubwa waliposhtuka waliwaruhusu askari wapake mafuta yao wenyewe, samli au nta au chochote wanachokiamini, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Himaya nzima ilitikiswa na shahamu ya kupaka risasi, na huku kwetu, pwani ya magharibi ya ziwa, kuanzia Uvira hadi Yungu, ambako mawese hayajawahi kukosekana na nta hutoka msituni pamoja na asali, risasi ilishindiliwa mtutuni ikiwa kavu. Hakuna aliyeipaka kitu. Jambo hilo linaonekana dogo mno kuandikiwa makala. Lakini ukilifuata mpaka mwisho wake, unakuta ndani yake biashara ya Unguja, mkataba uliotiwa saini Brussels, na sababu ya mtu wa milima ya Fizi kubaki na gobori wakati dunia nzima imelitupa.

Tuanze na baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti. Katika mchanganyiko uliozoeleka, shura ni sehemu 75 katika 100, makaa 15, kiberiti 10. Inawaka haraka lakini haiwaki ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu vigumu: sehemu moja huruka na ule moshi mweupe, nyingine hugandamana ndani ya mtutu. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa, kisha yakikauka kwa joto huwa magumu kama ukoko wa chungu. Piga mara tano, mara kumi, na mtutu unazidi kuwa mwembamba. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, unaanza kugoma. Mwisho risasi inakwama nusu njia, na bunduki iliyokwamiwa hivyo huweza kumpasukia aliyeishika.

Kwa mtutu laini, usio na mifuo ndani, dawa ya tatizo hili ni rahisi. Unatumia risasi ndogo kuliko tundu. Bunduki ya askari wa Kiingereza wa zamani, ile waliyoiita Brown Bess, ilikuwa na tundu la milimita 19, na risasi yake ya mviringo ilikuwa na milimita 17 na nusu. Nafasi ya milimita moja na nusu inatosha kupitisha risasi hata masizi yakijaa. Gharama yake ni shabaha. Risasi inatoka ikigongagonga kuta za mtutu, na upande itakaogonga mwisho ndio unaoamua itaelekea wapi. Ukilenga mtu aliye hatua 60 una haki ya kutumaini. Akiwa hatua 200, anaweza kuendelea na mazungumzo yake.

Mtutu wenye mifuo ni habari nyingine. Mifuo ni mikato iliyochongwa ndani ya chuma ikijizungusha kutoka nyuma hadi mdomoni, nayo huifanya risasi izunguke angani na kushika njia moja. Ili izunguke lazima iing'ang'anie mifuo, na ili iing'ang'anie lazima ijae tundu. Hapo umeingia kwenye ugomvi: risasi inayojaa tundu itapitaje kwenye masizi? Wawindaji wa Ulaya na Marekani waliizungushia kitambaa chembamba kilichopakwa mafuta. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alipata njia ya kijeshi. Risasi yake ilikuwa ya ncha, na kitako chake kilikuwa na shimo. Iliteremka mtutuni kwa ulegevu, kisha ikapanuliwa na nguvu ya baruti na kubana mifuo wakati wa kutoka. Enfield ilifuata mtindo huo: tundu la karibu milimita 14.7, risasi ya milimita 14.4. Uwazi wa namna hiyo ni unyoya tu. Bila mafuta, masizi ya risasi chache yanauziba, na madini laini ya risasi yanajipaka kwenye mifuo mpaka mifuo inapotea.

Kwa hiyo kazi ya mafuta si kuteleza tu, kama wengi wanavyodhani. Mafuta huyalainisha masizi yabaki kama uji mzito, na kila risasi inayopita huyafagia yaliyoachwa na iliyotangulia. Mtu anayepaka risasi yake anaifagilia njia ile inayofuata.

Sasa rudi kando ya ziwa. Bunduki zilizofika Ujiji, Uvira na vijiji vya Ghuba ya Burton zilipitia Unguja. Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wa Hamburg walizileta kwa shehena, na nyingi zilikuwa zile ambazo majeshi yao yameziacha: gumegume za jiwe, na baadaye magobori ya fataki. Kila jeshi la Ulaya lilipobadili silaha, ghala lilimwagwa sokoni. Wafanyabiashara wa bara walizichukua kwa mkopo pamoja na baruti, kwa deni la wenye mtaji kama Taria Topan, na deni lililipwa kwa pembe za ndovu. Njia hiyo ndiyo iliyomkuza mfanyabiashara Tippu Tip, na ndiyo iliyomfikisha Ujiji Muhammad bin Khalfan al-Barwani, anayejulikana zaidi kama Rumaliza, ambaye watu wake walivuka ziwa na kuitia hofu pwani yote ya magharibi, kuanzia Uvira hadi Ubwari na Masanze.

Takriban zote zilikuwa na mtutu laini. Kwa mfanyabiashara wa pembe lilikuwa chaguo la akili, na sioni haja ya kumcheka. Gumegume inakula chochote. Risasi ikikosekana, unatia vipande vya chuma, misumari, hata kokoto. Hutafuti kalibu ya kipimo maalumu. Mtutu ukichafuka unaumwagia maji na kuusugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki. Nayo ilikuwa silaha ya kutishia kabla ya kuwa silaha ya kulenga. Kijiji kinachosikia mlio wa bunduki 30 kwa mara ya kwanza hakiulizi kama zina mifuo. Kwa ndovu, walimsogelea karibu mno, wakampiga wengi kwa pamoja, kisha wakamfuata mpaka aanguke. Katika kazi kama hiyo mafuta kwenye risasi yangekuwa mapambo.

Mafuta yalikuwa na kazi nyingine. Unyevu wa ziwa unakula chuma, na mabaki ya baruti na ya fataki yanakula zaidi. Mtambo wa bunduki, jogoo na mdomo wa mtutu vinataka kupanguswa kwa mafuta kila baada ya matumizi, la sivyo mwezi mmoja unatosha kuharibu. Kwa chuma ndiyo. Kwa risasi, hapana.

Risasi zenye nta zilipita hapa kama mgeni wa njiani. Msafara wa Stanley wa 1876 ulibeba bunduki za Snider. Snider ni ileile Enfield iliyokatwa nyuma ili ijazwe kwa kitako badala ya mdomo, na risasi yake ilikuwa na mikato ya kuzunguka iliyojazwa nta ya nyuki. Yawezekana hizo ndizo za kwanza za aina yake kuonekana Ubwari. Miaka saba baadaye Mapadre Weupe walijenga misheni Kibanga, kwenye ghuba hiyohiyo, wakiwa na jirani kama Rumaliza.

Kisha ikaja Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17 yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Mtu akiusikia kwa jina ataupongeza, na sehemu kubwa ya pongezi ni halali. Lakini ndani yake mna vifungu vya silaha. Kifungu cha 8 kinakataza kuingiza bunduki, hasa zenye mifuo na zilizoboreshwa, katika Afrika yote iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Fizi ipo kwenye nyuzi 4 na kidogo kusini, yaani katikati kabisa ya uzio. Kifungu cha 9 kinaacha mlango mdogo: serikali zaweza kuruhusu bunduki za jiwe zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Wasafiri na maofisa waliwekewa ruhusa yao pembeni.

Usome tena polepole. Mtu mweusi aweza kuwa na bunduki, ila iwe ile isiyolenga. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba silaha bora ndizo zinazolisha utumwa, na kwa upande wa kina Rumaliza hoja hiyo ina uzito. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalimshinda mapema mwaka 1894, na hakuna wa pwani hii aliyelilia kuondoka kwake. Hata hivyo mikono iliyotia saini ilikuwa tayari imeshika bunduki za kujazwa nyuma, na sheria ile ilihakikisha pengo haliji kuzibika. Wapiganaji wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, waliingia vitani dhidi ya bunduki za rashasha za Wajerumani wakiwa na mikuki na magobori. Hakuna kiasi cha mafuta ambacho kingewasaidia.

Hili ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo. Watu wa Fizi walikuwa na mafuta. Mifuo ndiyo iliyokosekana, na ilikosekana kwa makusudi. Elimu ya kupaka risasi, ambayo baba wa Kimarekani alimfundisha mwanawe jikoni, haikuwa na pa kushika huku. Enzi nzima ya risasi ya kupakwa iliruka juu ya vichwa vya watu wetu.

Na ilikuwa enzi fupi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadaye jeshi lake likapata bunduki ya Lebel. Baruti mpya ina nguvu nyingi mno kwa madini ya risasi yaliyo wazi, hivyo risasi ikavishwa koti la shaba au la aloi. Koti liliondoa haja ya mafuta. Ulaya ikaanza kusahau.

Ajabu ni kwamba hapo ndipo risasi za zamani zikahamia ziwani. Vita vya 1914 vilipoanza, Wajerumani waliiletea pwani yetu mapambano kwa meli tarehe 22 Agosti, Hedwig von Wissmann ilipoishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wa Lukuga. Makampuni mengi ya askari weusi wa Mjerumani bado yalibeba Mauser ya mfano wa 1871. Risasi yake ilikuwa ya gramu 25 za madini laini, imezungushiwa karatasi, na kati yake na baruti kuliwekwa kizibo cha nta. Moshi wake uliwaonyesha adui mahali walipojificha. Upande wa Wabelgiji, askari wa Force Publique walikuwa wamezoea Albini, nayo ni ya baruti nyeusi. Majeshi ya Ulaya yaliziweka silaha mpya kwa ajili ya Ulaya na kumwachia askari wa Kiafrika zilizobaki. Kwa miaka hiyo michache, nta na karatasi na risasi vilikuwa vitu vya kila siku ng'ambo na huku, lakini mikononi mwa walioajiriwa. Mwanakijiji wa Mutambala alibaki na gobori lake.

Tuseme sasa, kwa kujifurahisha, kwamba angekuwa na mtutu wa mifuo. Angepaka nini? Hapa Fizi tuna haki ya kujivuna kidogo. Burton mwenyewe aliandika habari za mchikichi na mawese ya Ujiji, na leo ukienda soko la Baraka utayaona mawese yamepangwa kwa mabidoni ya lita 20, mekundu, mazito, yakingoja kupelekwa Uvira na Bukavu. Bila hayo sombe si sombe. Kama kilainishi cha baruti nyeusi, mawese yana sifa ya kwanza inayotakiwa: ni mafuta ya mmea. Wanaopiga bunduki za kale wanakubaliana, kwa uzoefu, kwamba mafuta ya mimea na ya wanyama hukaa vizuri na baruti nyeusi, wakati mafuta yatokanayo na petroli, kama grisi ya gari au nta ya mishumaa ya dukani, huungana na masizi kuwa kama lami.

Sifa ya pili hayana. Mawese huyeyuka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na huanza kulegea kabla ya hapo. Mchana wa Baraka, ndani ya mfuko wa mwindaji, risasi iliyopakwa mawese matupu ingekuwa imeogelea kabla hajavuka mto wa kwanza, na mafuta yakifika kwenye baruti, baruti haiwaki. Ndiyo maana ya nta. Nta ya nyuki inahimili hadi nyuzi 62 au 64. Shahamu ya kondoo ipo katikati, karibu na 45 hadi 50. Mchanganyiko mzuri ni ndoa ya kigumu na kilaini: nta inashika umbo, mafuta yanalainisha masizi, na vipimo vinafuata hali ya hewa. Nchi ya baridi inaongeza mafuta, nchi ya joto inaongeza nta. Mtu wa Minembwe, kule juu kwenye ubaridi, asingetumia kipimo cha mtu wa Baraka.

Kuna na jambo la tatu ambalo jeshi la Kiingereza lilijifunza kwa hasara. Shahamu ikikaa inachacha. Asidi yake huila madini ya risasi polepole na kuacha utando mweupe, risasi inavimba, na iliyokuwa ikishuka mtutuni kwa ulaini sasa inagoma. Katika joto la India hali ilikuwa mbaya zaidi. Hatimaye waliipunguza risasi ya Enfield kutoka milimita 14.4 hadi karibu 14, na wakaacha mchanganyiko uliokuwa shahamu tele na nta kidogo wakaenda upande wa nta. Mawese yetu ya kienyeji yangepata tatizo hilohilo. Mikungu ya mchikichi hukatwa, ngazi, yaani matunda yake, zikaachwa siku kadhaa zilegee ndipo zipikwe na kukamuliwa, na katika siku hizo kimeng'enya kilichomo ndani ya tunda huanza kuyavunja mafuta kuwa asidi. Mezani hatuoni shida, wengine hupenda ule ukali. Kwenye risasi ya kuhifadhiwa mwaka mzima yangekuwa adui. Kwa risasi ya kutumika leo, hayana neno.

   

Walioendelea na ufundi huu hadi leo wako mbali. Marekani chama chao cha taifa kilianzishwa 1933, na makao yake ni kijiji kiitwacho Friendship, jimbo la Indiana, ambako hukutana kushindana kwa bunduki za kujazwa mdomoni. Kimataifa kuna kamati yao tangu 1971, inayoandaa mashindano ya dunia. Ni watu wazima wanaokaa jikoni Jumamosi wakiyeyusha nta na shahamu ya kondoo, sufuria ndogo ndani ya sufuria yenye maji ya moto ili mafuta yasishike moto, wakizungusha risasi moja moja ndani yake au kuzisimamisha kwenye sinia bapa na kumimina mpaka mikato ijae, kisha wanangoja igande. Wanabishana juu ya kipimo kama mabibi wanavyobishana juu ya pilau. Wanachokubaliana wote ni kwamba mafuta yasiwe na chumvi, maana chumvi huleta kutu, na kwamba sufuria ya kazi hiyo hairudi tena kupika chakula.

Agizo la mwisho halina utani. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, moto ambao jiko la makaa huufikia bila taabu, na ndiyo maana watu wa nchi nyingi huyayeyusha nyumbani, kwa risasi za bunduki au kwa vizito vya nyavu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, akilini hasa, na huumia bila dalili ya haraka. Madini yanayotolewa kwenye betri kuukuu ni hatari zaidi, kwa sababu ya vumbi na asidi yake. Nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi isiyo na koti hubaki na chembe zisizoonekana mbali na jeraha. Haya yangepaswa kusemwa redioni Baraka kila wiki, kwa ajili ya wavuvi kabla ya wawindaji.

Wakongo wengi wa Fizi waliokimbilia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, wamehamishiwa Marekani, na baadhi wanaishi Indiana hiyohiyo. Desemba, jimbo hilo hufungua msimu wa kuwinda paa kwa bunduki za kujazwa mdomoni. Maduka hupanga rafuni baruti, fataki na vikopo vya mafuta ya risasi. Mzee aliyekulia Lulimba akipita hapo ataona, kwa bei ya mshahara wa wiki, kifaa cha ukoo mmoja na kile ambacho kwao kingemletea maswali polisi.

Maana kwetu gobori halijawa mchezo. Sheria ya silaha ya 3 Septemba 1985 inataka kibali, na sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inasema nani awinde nini na lini. Msitu wa Itombwe, uliowekwa kuwa hifadhi mwaka 2006, una sokwe wakubwa waliopewa jina la Rudolf Grauer, Mwaustria aliyewawinda katika milima ya Wabembe mwaka 1908. Kusini, Ngandja na Kabobo zilifuata 2016. Mwindaji anayevizia nguruwe pori shambani mwake amezungukwa na karatasi nyingi kuliko babu yake, na nyingine za haki kabisa. Sokwe hawezi kujitetea kwa hoja ya mkataba wa Brussels.

Kilicholitoa gobori kwenye heshima ya vita ni mwaka 1965. Silaha za Kichina na za Kirusi zilivuka kutoka Kigoma kwa mashua za usiku kuwafikia wapiganaji waasi wa Fizi na Baraka, Che Guevara na Wakuba wake wakiwamo, kuanzia Aprili hadi Novemba. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa serikali wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa meli. Tangu hapo risasi inayoogopwa katika milima hii ina koti la chuma, inakuja kwenye sanduku, na haijui mafuta wala kalibu. Mtu hahitaji kujua chochote ili aitumie, na hilo naliona baya kuliko yote niliyoyaeleza. Gobori lilimlazimisha mwenyewe kusimama, kumimina, kushindilia, kuweka fataki, na kwa dakika nzima kati ya mlio na mlio aliyelengwa alikuwa na nafasi ya kukimbia.